Meli iko na moteri, mugodi hauna

Herufi tatu hizi, M, S na C, kila mutu anayekaa kando ya barabara ya Kasumbalesa anazijua. Ziko kwenye makontena yanayobeba shaba yetu kwenda Durban ao Dar es Salaam, na kwenye yale yanayoturudishia vitu vya maduka. Tangu 2022 ile kampuni ni ya kwanza duniani kwa kubeba makontena, na mwaka uleule ilinunua biashara ya Bolloré ya usafirishaji katika Afrika, ile leo inaitwa AGL, na ambayo tangu 2024 inasimamia makontena ku bandari ya Lobito, kule reli yetu inaishia. Lakini si wengi kati yetu wanajua kama herufi zilezile zimeandikwa pia kwenye meli nyeupe zenye kupita metre 300, na mabwawa ya kuogelea juu, sinema, mikahawa, michezo ya watoto. Ni meli za matembezi, zile Wafaransa wanaita croisière.

Mutaniuliza: sisi watu wa mugodi, mambo ya watalii wa baharini yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Namna ile biashara inajiuza kwa wateja, na namna inaongea na serikali, ni masomo ya bure kwa inchi yoyote inayokaa mezani na kampuni kubwa.

Tuanze na majina, juu majina yenyewe yanachekesha. MSC ina ofisi yake kubwa Geneva, mu Uswisi, inchi isiyokuwa hata na kipande cha bahari. Mwenye kuianzisha mwaka 1970, Gianluigi Aponte, ni Mwitalia. Meli yake MSC World Europa ilijengwa Saint-Nazaire, Ufaransa, na inapeperusha bendera ya Malta. Kazi yake ya kwanza? Ilikuwa hoteli. Mwisho wa 2022 iliegeshwa Doha, ikalalisha watu waliokuja kuangalia Kombe la Dunia. Nyuma yake ikafanya baridi ya Ulaya mu Ghuba ya Waarabu, halafu ikapanda Mediterania kwa majira ya joto. Dada yake, World America, alitumwa Miami mwaka 2025. Na dada wa tatu anaitwa World Asia. Kampuni imetangaza kama ataanza kazi mwisho wa 2026. Mu Asia? Apana. Mu Mediterania.

Basi jina ni rangi tu. Linapakwa kwa kumupendeza mutu fulani mu soko fulani, halafu meli inaenda kule vitanda vitajaa.

Hii kazi ya kupaka rangi inafanywa kwa akili nyingi. Chukua AIDA. Ni meli za Wajerumani: ndani wanaongea Kijerumani, chakula ni cha kwao, na mbele wamechora midomo myekundu na macho, hata mutoto anazitambua toka mbali. Lakini nyuma ya meli imeandikwa Genova, juu zimeandikishwa Italia, na mwenye mali ni Carnival, kampuni yenye ofisi karibu na Miami. Carnival hiyohiyo ndiyo mwenye Costa ya Waitalia, Cunard ya Waingereza, Holland America na Princess. Babu wa Hamburg na bibi wa Southampton kila mumoja anajisikia yuko kwao. Pesa zinaenda mu kibeti kimoja.

Lakini hadithi ninayoipenda kuliko zote ni ile ya Costa Venezia. Ilitoka kiwandani Monfalcone, Italia, mwaka 2019. Ilijengwa kwa Wachina. Ndani wakatengeneza Venice ya uongo: uwanja wa San Marco, mashua za gondola, sura za sikukuu zao. Muchina wa Shanghai alipanda meli ku bandari ya kwao, akala tambi ya Kiitalia, akapiga picha, akarudi nyumbani. Haukupita hata mwaka muzima, korona ikafika, na bandari za China zikafungwa kwa hizi meli. Meli haikulia. Mwaka 2022 ikaenda kufanya kazi Istanbul. Mwaka 2023 ikavuka bahari mpaka New York, jina likabadilika neno moja tu: Carnival Venezia. Sasa Muamerika ndiye anauziwa ile Italia iliyotengenezwa kwa Muchina. Na Venice yenyewe? Tangu mwezi wa nane 2021 serikali ya Italia ilikataza meli kubwa kupita mbele ya San Marco ya kweli. Meli yenye jina la Venice haina ruhusa ya kupita pale.

Si yenyewe peke yake. Norwegian Joy ilizinduliwa 2017 juu ya soko la China. 2019 ilikuwa imeshahamia upande wa Alaska, na ndani imebadilishwa kwa mamilioni ya dola. Tangu mwisho wa 2023, Bahari Nyekundu ilipokuwa na hatari ya makombora, meli nyingi ziligeuzwa njia zikazunguka Afrika nzima. Kitanda kisicholaliwa leo hakiuzwi tena kesho, na mutu mumoja ndani ya meli ni chakula cha kuuza, pombe, kasino, matembezi ya kulipia. Kwa hiyo meli inaenda kule watu wako. Hakuna uchungu wa inchi.

Tuje sasa kwenye karatasi, pale ndugu wa mugodi wataanza kusikia harufu wanayoijua. Makampuni makubwa matatu ya hii biashara yana ofisi zao Miami ao karibu yake. Carnival iliandikishwa Panama. Royal Caribbean iliandikishwa Liberia. Norwegian, yenye jina la Norway, iliandikishwa Bermuda. Bendera ku meli ni za Bahamas, Panama, Bermuda, Malta. Faida yake ni wazi: kodi ya mapato ya Marekani hawalipi kwa sehemu kubwa ya safari zao, na sheria ya kazi ya Marekani haifiki kwa mabaharia wao wengi. Lakini bendera ya kukodi ina siku yake mbaya. Mwaka 2020 meli zote zilisimama, na bunge la Marekani likapitisha mikopo ya mamia ya miliari ya kuokoa makampuni makubwa. Sharti moja: kampuni iwe imeandikwa Marekani. Hawa hawakuwa. Walienda kutafuta pesa kwa wakopeshaji, kwa riba kali.

Na tena kuna sheria ya zamani ya Marekani, ya 1886, inayokataza meli ya bendera ya kigeni kubeba wasafiri toka bandari moja ya Marekani kwenda ingine bila kugusa inchi ya nje. Ndiyo maana meli inayotoka Seattle kwenda Alaska inasimama Victoria, mu Canada, hata kama ni saa chache za mangaribi. Musafiri anaambiwa ni matembezi ya kuangalia maua. Ni sheria. Kampuni inayotaka kukwepa ile sharti inapandisha bendera ya Marekani na kulipa watu mishahara ya Marekani, na kati ya meli kubwa ni moja tu imefanya vile: Pride of America, inayozunguka visiwa vya Hawaii.

Wanaofanya kazi chini, mu jikoni na vyumbani, wanatoka sana Filipino, Indonesia na India. Kontra ni ya miezi sita mpaka tisa, siku saba kwa juma. Mapatano ya dunia ya kazi ya baharini yanasema saa za kazi zisipite 14 kwa siku na 72 kwa juma. Wenye kufanya poste ya saa 12 ku mugodi watapima wenyewe. Hapa niseme neno moja kwa wazazi. Kuna watu wanaotembeza ku simu picha za hizi meli, wanaambia vijana walipe dola mia mbili, mia tatu, wapewe nafasi. Mapatano yaleyale yanakataza kabisa kumulipisha baharia pesa ya kumutafutia kazi. Anachoweza kujilipia ni paspoti, cheti cha munganga na kitabu cha baharia. Anayekuomba zaidi ya pale ni mwizi, hata kama amevaa tai.

Sasa, kiini chenyewe. Nguvu ya hizi kampuni mbele ya serikali ni moteri. Mwaka 1993 inchi za Caribbean zilipatana kutoza kodi, ile tunaita lempo, ya dola 10 kwa kila musafiri, bei moja kote. Haikusimama. Kila kisiwa kiliogopa meli zitaenda kwa jirani, na jirani naye alikuwa anangoja zije. Baadaye makampuni yakaona hata jirani hana lazima: yakajitengenezea visiwa vyao wenyewe. Royal Caribbean iko na CocoCay mu Bahamas. MSC iko na Ocean Cay, kisiwa ambacho zamani kilikuwa cha kuchimba muchanga. Wachimbaji wakaondoka, wakapanda miti, leo ni pwani ya matangazo. Haiti nayo ilikodisha Labadee, kipande cha pwani kilichozungushiwa uzio, na kwa miaka mingi matangazo yaliita pale Hispaniola, jina la kisiwa kizima, ili musafiri asisome neno Haiti. Pesa za Haiti nzuri, jina lake baya! Mwaka wa tetemeko, 2010, meli ziliendelea kushusha watu kuogelea pale siku chache tu nyuma ya maafa. Na usalama ulipoharibika mwaka 2024, safari zikasimamishwa, meli zikaenda pengine. Labadee ilibaki.

Mexico ilijaribu juzi. Bunge lake lilipanga dola 42 kwa kila musafiri kwa 2025. Makampuni yakapiga kelele, yakasema njia zitabadilika. Mwishoni ikaanza na dola 5, mwezi wa saba 2025, na itapanda kidogokidogo.

Lakini angalia Alaska. Wapiga kura walipitisha kodi ya wasafiri mwaka 2006. Makampuni yakaenda tribinali, yakaondoa meli kadhaa, na mwaka 2010 kodi ikapunguzwa. Wangeishia pale, tungesema moteri imeshinda tena. Haikuwa vile. Kodi ilipungua, haikufa, na meli zikarudi nyingi kuliko mbele. Leo muji wa Juneau, wenye wakaaji elfu 30 na kitu, ndio unaambia makampuni meli ngapi zinaingia kwa siku: tano kubwa tangu 2024, si zaidi. Juu ya nini Juneau inaweza na kisiwa cha Caribbean hakiwezi? Pwani yenye muchanga na jua unaipata pengine. Mulima wa barafu unaoanguka mu bahari huwezi kuubeba kwa meli.

Sisi, ndugu zangu, tuko upande wa Juneau. Tunatishwa kama tuko kisiwa.

Mukumbuke mwezi wa tatu 2018. Wakubwa wa makampuni ya migodi walipanda ndege mpaka Kinshasa kumuona Raisi, wakisema kanuni mupya ya migodi itafukuza wenye pesa. Kanuni ikatiwa saini. Mwisho wa mwaka kobalti ikawekwa kati ya madini ya lazima, ushuru wake ukawa asilimia 10. Walienda? Mwaka 2024 Congo ilitoa shaba yenye kupita tani milioni tatu. Inaonekana hawakupata Kolwezi ingine.

Sitaki kudanganya mutu: mugodi hauhami, lakini unaweza kufungwa. Mutanda ilisimama mwisho wa 2019, ikakaa kimya karibu miaka miwili, na familia zilizoishi na ile kazi hazihitaji kuelezwa na gazeti. Mwenye mali anaweza kungoja bei. Tumbo la mufanyakazi haliwezi. Kwa hiyo anayepanga kodi kule juu afikiri pia nani atabeba ile miezi ya kungoja. Mupaka leo haijaandikwa mahali.

Kinachohama kwetu ni karatasi, sawasawa na meli. Shimo liko Lualaba, mapato yako mu inchi ingine, mwenye mali mu inchi ya tatu. Na hapa watu wa bahari wametushinda kwa kitu kimoja kidogo. Sheria inalazimisha kila meli iandikwe nyuma, kwa herufi kubwa, jina la bandari ilipoandikishwa. Mutoto anayesimama ku gati anasoma: Nassau, Valletta, Panama. Hafichwi. Ku mlango wa mugodi kwetu unasoma jina la kampuni, chapeo na viatu ni lazima, mbwa ni wakali.

Kanuni ya 2018 inasema asilimia 15 ya ushuru wa madini inarudi kwa sekta ao komini yenye mugodi, na asilimia 0.3 ya mauzo inaenda kwa maendeleo ya wakaaji. Basi waweke ubao ku mlango, wenye mistari mitatu: kampuni imeandikishwa inchi gani, mwaka uliopita imelipa ngapi, na kati ya zile ngapi zimefika hapa. Ubao na rangi vinapatikana ku soko lolote la Likasi.