Kabla ya kuingia shimoni, jua historia ya Rosterman

Kijana mwenzangu, ukifika mjini Kakamega na kumwambia mtu wa boda akupeleke Rosterman, hatauliza maswali. Kila mtu anapajua. Lakini muulize jina hilo lilitoka wapi, uone kama hatakuna kichwa.

Ni jina la kampuni ya Wazungu iliyochimba dhahabu hapo kuanzia 1935, ikafunga virago mwaka wa 1952. Inakadiriwa kuwa iliondoka na zaidi ya wakia 250,000, karibu tani 8 za dhahabu. Mashimo ikatuachia sisi.

Hebu turudi nyuma kidogo. Dhahabu ilipogunduliwa Kakamega mwaka wa 1931, uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka. Walowezi waliolemewa na madeni waliacha mashamba yao na kukimbilia huku na sululu. Kizingiti kilikuwa kimoja tu. Mwaka wa 1930 serikali ya kikoloni ilikuwa imepitisha sheria iliyowaahidi Waafrika kwamba ardhi ya maeneo waliyotengewa ni yao daima, na sehemu yoyote ikichukuliwa, watapewa ardhi nyingine badala yake.

Unajua walifanya nini? Desemba 1932 waliibadilisha sheria hiyo. Mwenye shamba sasa angeweza kulipwa pesa tu, na wala haikuwa lazima aulizwe kwanza. Ahadi ya daima haikumaliza hata miaka mitatu!

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni walikuja, ila sijaona aliyepona.

Leo, miaka zaidi ya 70 baadaye, vijana wa rika letu bado wanashuka kwenye mashimo kama hayo kwa kamba, bila kofia ngumu. Akina mama wanaponda mawe na kuosha mchanga kwa zebaki mikono mitupu, kisha wanaichoma huku wakivuta moshi wake. Shimo likiporomoka, tunaomboleza siku mbili, ya tatu watu wamerudi kazini.

Wapo wanaosema wachimbaji hawa wafukuzwe. Mimi sikubaliani nao. Ukimfukuza mtu mwenye njaa mchana, atarudi usiku, na usiku ndiko kubaya zaidi. Dawa ni kumtoa gizani. Sheria ya Madini ya 2016 inamruhusu Mkenya kuchimba kwa kibali cha mchimbaji mdogo, na wachimbaji wanaweza kuungana katika kikundi au ushirika. Sheria hiyo hiyo inataka asilimia 10 ya mrabaha iende kwa jamii inayoishi panapochimbwa, na asilimia 20 kwa kaunti.

Sasa swali ni lako. Umewahi kuuliza asilimia hiyo ya kijiji chenu iko wapi? Kampuni ikija na mikutano ya umma, usiende kwa sababu ya soda na nauli. Simama uulize nani atafukia mashimo, kwa pesa za nani, na lini. Dai jibu liandikwe na litiwe sahihi.

Wazee wetu hawakuulizwa mwaka wa 1932. Wewe ukiulizwa leo ukanyamaza, usije ukamlaumu mkoloni.