Nia Njema Haikaushi Karafuu

Kila anayeishi katika visiwa vyetu anamjua mtu huyu. Hufika kazini kabla ya wenzake, hakatai akitumwa, hana choyo wala fitina, na katika kila mkutano huwa wa kwanza kujitolea. Lakini kazi aliyoishika haikamiliki, na ikikamilika hulazimu irudiwe na mwingine. Mvivu na mwizi wameshasemwa sana katika safu hii. Leo tungependa kumzungumzia ndugu huyu, ambaye hasemwi kabisa.

Tuchukue mfano wa karafuu, zao lililoipa Unguja na Pemba jina duniani. Kikundi huweza kuchuma vizuri, kikachambua makonyo vizuri, kisha kikamkabidhi ndugu huyu kazi ya kuanika. Yeye, kwa pupa ya kuwafurahisha wenzake, hurundika nyingi katika jamvi moja ili zimalizike upesi, au huzimwaga pembeni mwa barabara ya lami akiamini joto lake litaharakisha kazi. Wingu linapotanda, huwa amekwenda kumsaidia jirani. Karafuu mbichi zilizolala katika rundo huchemka, hupauka na kuwa mpeta. Za barabarani huingia mchanga na uchafu. Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, lililoundwa mwaka 1968, hununua karafuu kwa madaraja, na mizani ya kituoni haiulizi aliyeanika alikuwa na moyo wa namna gani. Hasara humfika aliyehatarisha maisha yake juu ya mkarafuu, na mtoto anayengojea sare ya skuli.

Wenzake hufanya nini? Hungoja aondoke, wakazianika upya kimya kimya. Maofisini hali ni hiyo hiyo: karani huandika upya barua ya mwenzake, mhasibu hubaki baada ya saa za kazi akisahihisha hesabu zisizo zake, na mkuu wao anajua lakini ananyamaza. Wao huita hayo wema. Sisi tunayaita muhali, na muhali umetugharimu sana visiwani humu. Siku zikipita, wema ule hugeuka chuki. Mtu husengenywa vibarazani na watu ambao hawajapata kumwambia neno usoni, naye huendelea kukosea kwa moyo mkunjufu, kwani hakuna aliyemwonyesha kosa lake.

Wapo wanaosema kuwa samaki mmoja akioza wote wameoza, basi na afukuzwe. Hatukubaliani nao. Ujuzi hufundishika, moyo wa kujitolea ni vigumu kuufundisha. Tulifunzwa chuoni kwamba amali huenda na nia, nasi tunaamini hivyo. Lakini chuoni huko huko, mwalimu hakumwacha apite mwanafunzi aliyekosea herufi eti kwa kuwa ana bidii. Alimrudisha kwenye aya ile ile mpaka ikanyooka, tena mbele yake, si nyuma yake.

Kwa hiyo mwenye lawama ya kwanza ni kiongozi. Hana budi kumwita ndugu huyu faragha na kumweleza bayana ni jamvi lipi limeharibika na kwa sababu gani. Amfungamanishe na mzoefu, ampe kazi moja badala ya tano, na aweke siku ya kuikagua. Ikiwa baada ya hayo kuanika kumemshinda, apewe kazi anayoiweza. Pengine ni hodari wa kulinda shamba au kukusanya watu. Kumhamisha waziwazi si kumdhalilisha. Lililo baya ni kumpandisha cheo ili aondoke machoni petu, desturi ambayo wakuu wa idara wanaifahamu vyema.

Katika Chama tumezoea kusema juu ya kukosoana na kujikosoa. Maneno hayo hayakuwekwa kwa ajili ya mikutano mikuu peke yake. Tunawataka viongozi na wananchi wayatumie pale penye kazi yenyewe, kwenye jamvi na kwenye meza ya ofisi, asubuhi, kabla mvua haijanyesha.