Sikio Halina Spea

Leo nakuomba ufungue ile droo ambayo kila nyumba inayo, ile inayotupiwa kila kitu kisichokuwa na pahala pake. Sina shaka kwamba humo, kati ya betri zilizokwisha na funguo zisizojulikana ni za kufuli gani, utaikuta hedifoni moja au mbili. Moja inalia upande mmoja tu. Nyingine mito yake imebabuka na kila ukiivaa inakuachia vipande vyeusi mashavuni kama masizi ya sufuria. Hukuitupa kwa sababu uliinunua kwa pesa zako, wala huivai kwa sababu imekuudhi.

Itoe. Nataka tuitengeneze, kisha tuiboreshe, na kazi hiyo ufanye kwa mikono yako mwenyewe hapo mezani. Wengi hudhani kuboresha hedifoni ni kuifanya ipige kelele zaidi. La hasha! Hedifoni iliyotengenezwa vizuri ni ile inayokuwezesha kusikiliza kwa sauti ya chini na bado ukasikia kila kitu.

Kwa nini nasema hivyo? Mtazame mwanafunzi anayepanda matatu Kondele asubuhi kuelekea mjini. Ndani ya gari muziki unavuma, nje boda boda zinapiga honi, naye ana hedifoni yenye mito iliyochanika. Kelele za nje zinaingia kupitia mianya ile ile inayotoroshea besi ya muziki wake. Afanye nini? Anapandisha sauti. Wiki ijayo anapandisha tena. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki akisikiliza sauti ya desibeli 80, na kwa watoto ni desibeli 75 kwa muda huo huo. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda huo hukatwa nusu. Ukifika desibeli 90 umebakiwa na saa 4 tu kwa wiki nzima, muda ambao kijana anaumaliza Jumatatu na Jumanne akienda na kurudi shuleni.

Ndani ya sikio kuna vinyweleo vidogo mno vinavyopokea sauti na kuipeleka kwenye mishipa ya fahamu. Vikifa, havioti tena. Waya wa hedifoni una spea, mito ina spea, hata spika yenyewe ina spea. Sikio halina.

HEDIFONI NI NINI HASA

Kabla ya kushika bisibisi, yafaa ujue unachokifungua. Ndani ya kila kikombe mna spika ndogo. Spika hiyo ina sumaku, koili ya waya mwembamba na utando mwepesi wa plastiki. Umeme wa muziki ukipita kwenye koili, koili husukumwa na kuvutwa na sumaku, utando ukatikisika, na mtikisiko huo ndio sauti unayoisikia. Hakuna uchawi hapo. Ni kitu ambacho mtu mwenye subira anaweza kukielewa.

Isitoshe, kifaa hiki kilizaliwa jikoni. Mnamo 1910, Nathaniel Baldwin wa jimbo la Utah nchini Marekani alikuwa akitengeneza hedifoni kwenye meza ya jikoni mwake na kuziuzia jeshi la majini la nchi hiyo. Mwaka 1958 John Koss wa mji wa Milwaukee akatoa hedifoni ya stirio ya kusikilizia muziki, na mwaka 1979 Walkman ya kampuni ya Sony ikautoa muziki nyumbani na kuutembeza barabarani. Kwa hiyo ukimwona mwanao ametandaza waya mezani, usimgombeze upesi. Kilianzia mezani, acha kirudi mezani.

ANZA NA MITO

Kazi ya kwanza ndiyo rahisi kuliko zote, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Mito ya hedifoni nyingi hufunikwa kwa ngozi bandia. Joto la Kisumu, unyevu wa ziwa na jasho la mvaaji huila ngozi hiyo mpaka ikabanduka. Ikishabanduka, mto hauzibi tena pembeni mwa sikio, na besi ndiyo ya kwanza kutoroka. Ndiyo maana hedifoni kuukuu husikika kama redio iliyowekwa ndani ya debe, hata ingawa spika yake ni nzima.

Pima upana wa mto kwa rula kisha utafute mwingine wa kipimo hicho kwa wauza vifaa vya simu. Ukiukosa, shona. Pale Kibuye kuna mafundi cherehani ambao hawatakushangaa ukiwapelekea kazi hii. Nunua sponji laini, ikate umbo la duara lenye tundu katikati, uivishe kitambaa. Lakini jua tofauti hii: kitambaa cha kitenge hupendeza na hakitoi jasho jingi, ila hupitisha hewa, hivyo besi hupungua kidogo. Ngozi bandia huziba vizuri zaidi ingawa huchemsha masikio. Anayesomea kwenye chumba kimya achukue kitambaa, na anayesafiri kwa matatu achukue ngozi.

Kuna wapenzi wa mchezo huu ng'ambo ambao hufanya kinyume. Huchukua hedifoni nyepesi zenye sponji, kama vile Koss Porta Pro iliyotoka mwaka 1984, na kukata katikati ya sponji tundu la ukubwa wa sarafu ya senti 25 ya Marekani ili sauti za juu zipite wazi. Jambo hilo ni zuri kwa mtu aliyeketi nyumbani kimya. Kwa mtu wa Kondele, kutoboa tundu ni kuikaribisha kelele ndani.

WAYA ULIOKATIKA

Pale sokoni nilisimama kando ya meza ya fundi mmoja kijana, mama mmoja akaja na hedifoni ya bintiye.

"Fundi, hii imekufa," akasema mama.

"Haijafa, mama. Imechoka shingo tu," akajibu fundi, akaikunja waya karibu na pini. Upande uliokuwa bubu ukalia mara moja, kisha ukanyamaza.

Fundi huyo alikuwa amekueleza wewe pia, msomaji. Waya haukatiki ovyo. Hukatika pale unapokunjwa kila siku: karibu na pini, kwenye njia panda unapogawanyika, au unapoingia kwenye kikombe. Cheza muziki, kunja polepole sehemu hizo tatu, na sauti ikikatika na kurudi, umeshampata adui. Mwenye mita ya umeme apime kati ya ncha ya pini na shina lake, kisha kati ya pete na shina. Hedifoni nyingi za simu zitaonyesha omu 16 hadi 32. Mita isipoonyesha chochote, njia hiyo imekatika.

Kata waya sentimita mbili kupita mahali palipokufa na ununue pini mpya. Ndani utakuta nyuzi za rangi. Kwa kawaida nyekundu ni ya kulia, kijani au buluu ni ya kushoto, na ile ya rangi ya shaba ni ya pamoja. Katika pini ya kawaida isiyo na maikrofoni, ncha hupokea kushoto, pete hupokea kulia, na shina hupokea waya wa pamoja. Hapa wengi hushindwa, kwa kuwa nyuzi hizo zimepakwa rangi inayozuia umeme. Usiikwangue kwa wembe, utazikata. Iweke ncha ya uzi kwenye tone la risasi ya kulehemu iliyoyeyuka na uisubiri, rangi itaungua na risasi itashika. Chuma cha kulehemu cha wati 25 au 30 kinatosha.

Ukitaka kuumaliza ugonjwa huu kabisa, usilehemu waya kwenye kikombe tena. Toboa kikombe, funga tundu la pini kwa gundi ngumu, na tangu siku hiyo waya utakuwa wa kuchomoa. Ukikatika, unanunua mwingine na hufungui tena hedifoni. Kama simu yako ni mojawapo ya zile zisizokuwa na tundu la hedifoni, mtindo ulioenea baada ya iPhone 7 ya mwaka 2016, kipande cha kuunganishia kitakufaa.

Mzazi, hapa nina neno na wewe. Risasi nyingi za kulehemu zina madini ya risasi kwelikweli, nayo hudhuru ubongo wa mtoto. Meza ya kulehemu isiwe ndiyo meza ya kulia omena. Dirisha liwe wazi, moshi usivutwe, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula.

NDANI YA KIKOMBE

Ukishaizoea kazi, unaweza kuigusa sauti yenyewe. Vikombe vya plastiki nyepesi hutetemeka pamoja na muziki na kuutia mwangwi. Weka pamba kidogo nyuma ya spika, kiasi cha kujaza kijiko, ufunge na usikilize. Kama sauti imetulia, acha hapo. Kama imekuwa nzito kama ya mtu mwenye mafua, punguza. Nyuma ya spika kuna vitundu vidogo vya kupumulia, usivizibe bila kujua unachokifanya. Vumbi likikusumbua, kipande cha chandarua kilichozeeka mbele ya spika ni kinga tosha.

Kanuni ni mbili. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na ulilofanya kushoto ulifanye kulia. Ukikiuka ya kwanza hutajua ni dawa gani iliyoponya. Ukikiuka ya pili sauti itaegemea upande mmoja.

MAABARA YAKO NI MUZIKI WA ZIWA

Utajuaje kama umefaulu? Wengine hutumia mitambo ya bei ghali. Sisi wa ufuoni tuna nyatiti. Mpigaji wa nyatiti huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu na kuigonga nayo ala yake huku akizicharaza nyuzi nane. Ukimsikiliza marehemu Ayub Ogada katika albamu yake ya En Mana Kuoyo ya mwaka 1993, kila uzi unapaswa kusimama peke yake, na wala usimeze mwenzake. Nyuzi zikichanganyika kama uji, pamba imezidi au mto haujaziba.

Kisha hamia kwenye benga. Chukua rekodi ya D.O. Misiani, yule mzaliwa wa Shirati upande wa Tanzania aliyeiongoza Shirati Jazz na kufariki katika ajali ya barabarani Kisumu mwaka 2006. Katika benga gitaa la besi halikai kimya nyuma, linatembea na kujibizana na gitaa la kwanza. Lisikie likitembea, lakini lisiifunike sauti ya mwimbaji. Na mwimbaji aimbe katikati ya kichwa chako. Kama anasikika kila mahali na besi imetoweka, basi nyaya za upande mmoja umezilehemu kinyume. Zigeuze.

Jaribio la mwisho ndilo kubwa. Kabla ya kuanza kazi, andika kwenye karatasi ni hatua ngapi za sauti ulizokuwa ukitumia garini. Baada ya kazi, panda gari lile lile, sikiliza wimbo ule ule, uhesabu tena. Namba ikishuka, umefaulu. Ikibaki pale pale, rudi kwenye mito.

USICHOPASWA KUFUNGUA

Hedifoni zisizokuwa na waya zina betri ya lithiamu. Spika na mito yake unaweza kuvishughulikia, ila betri usiitoboe, usiikunje, wala usiilehemu moja kwa moja. Iliyovimba ipeleke kwa wanaokusanya taka za elektroniki. Usiitupe motoni wala jaani, kwani hulipuka na kutoa moshi wa sumu.

Jambo jingine: hedifoni inayoziba vizuri huziba pia honi ya boda boda. Unapovuka Barabara ya Jomo Kenyatta, ivute ikae shingoni. Muziki utakungoja ng'ambo ya barabara.

Basi, msomaji, haba na haba hujaza kibaba. Juma hili anza na mito pekee, juma lijalo ushike waya. Na wewe mzazi, badala ya kumwambia kijana "punguza hiyo kelele" kila jioni, keti naye mezani na bisibisi moja na uzi wa cherehani. Huenda akaipunguza mwenyewe, kwa kuwa sasa anasikia.

Jumapili njema.