Makamanda, Tujifunze Kuuliza Kabla ya Kupiga Kelele

Likizo iliyopita nilikuwa Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui, nakusanya majibu ya utafiti wangu wa chuo. Nasoma sheria, na nilitaka kujua wajane wanapataje, au wanakosaje, mashamba waliyolima na waume zao. Nilikuwa na barua ya chuo, nimeripoti wilayani na kwa mtendaji wa kijiji, na simu ina chaji. Nikajiona mtafiti kamili.

Simuni nilikuwa na KoboToolbox. Kwa asiyeijua: ni programu ya bure. Unaandika dodoso kwenye kompyuta, unalishusha kwenye simu, kisha unaingia kijijini hata kama hakuna mtandao. Majibu yanakaa kwenye simu, ukipata mtandao unayatuma. Mtu akijibu "hapana", simu inaruka maswali yasiyomhusu. Ukitaka, inaandika saa uliyoanza na mahali uliposimama.

Basi nikamkuta bibi mmoja anaanika karanga. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, karibu." Tukaongea karibu saa nzima. Akanieleza shemeji yake alivyochukua shamba, na kesi ilivyoishia kwa wazee wa ukoo bila kufika hata baraza la kata. Nilipomaliza akaniangalia akauliza: "Na jina langu umeliandika humo? Huyu shemeji akija kusikia?"

Nililiandika. Jina, namba ya simu ya mwanawe, na alama ya GPS inayoonyesha nyumba yake kwa hatua chache tu. Sikuwa na sababu yoyote ya kuvitaka. Dodoso niliazima kwa rafiki, vipengele hivyo vilikuwemo, nikaviacha. Bahati yake na yangu, mtandao haukuwepo, jibu lilikuwa bado kwenye simu. Nikalifuta mbele yake, nikaanza upya bila jina. Usiku nikaingia kwenye akaunti kufuta majina ya wale niliowahoji siku mbili kabla. Hao hawakuwa wameniuliza. Waliniamini tu.

Nawaletea haya kwa sababu kwenye magroup yetu kila mtu sasa anataka "survey". Kura ya WhatsApp inapigwa asubuhi, mchana picha ya matokeo imesambaa: wananchi karibu wote wamemkataa mbunge! Na mimi nimewahi kuisambaza moja. Mjomba wangu, ambaye si wa chama chetu, akaniuliza swali dogo: "Mliwauliza akina nani?" Nikanyamaza. Tulijiuliza wenyewe kwa wenyewe, tukajijibu. Mkulima wa Uyui mwenye kitochi hayumo kwenye group lile.

Halafu tunawacheka chawa kwa kupika idadi ya watu kwenye mikutano!

Wapo waliofanya kazi hii vizuri nchini kwetu. Twaweza, kupitia Sauti za Wananchi, walichagua kaya kwa utaratibu wa kitakwimu, wakawapa wahojiwa simu na chaja za sola, kisha wakawa wanawapigia kila mara kuwauliza kuhusu maji, shule, njaa, viongozi. Hawakusubiri mtu ajiunge mwenyewe. Ndiyo maana Julai 2018 walipotoa matokeo kwamba wanaomkubali Rais Magufuli wameshuka kutoka asilimia 96 mwaka 2016 hadi 55, hakuna aliyeweza kusema ni umbea. COSTECH wakawaandikia barua ya kuhoji kibali, na hati ya kusafiria ya mkurugenzi wao, Aidan Eyakuze, ikachukuliwa.

Septemba mwaka huohuo Bunge likaongeza makali kwenye Sheria ya Takwimu ya 2015: kutangaza takwimu zinazopinga au kupotosha zile rasmi likawa kosa, faini isiyopungua milioni 10 au kifungo kisichopungua miaka mitatu. Benki ya Dunia ikasema hadharani kwamba sheria hiyo haiendani na viwango vya kimataifa. Juni 2019 Bunge likairekebisha tena: kosa hilo likaondolewa, na haki ya mtu kukusanya na kusambaza taarifa za kitakwimu ikaandikwa. Ongeza Ibara ya 18 ya Katiba inayotupa haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari. Kwa hiyo tusijifiche nyuma ya woga wa 2018. Mlango upo wazi kuliko tunavyodhani.

Lakini ipo sheria nyingine ambayo vijana wetu hawaisemi: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Humo msimamo wa kisiasa wa mtu ni taarifa nyeti. Kuikusanya pamoja na jina lake kunataka ridhaa yake ya maandishi, na mkusanyaji anatakiwa awe amesajiliwa na Tume. Najua kuna atakayesema sheria hii ni rungu lingine la serikali. Inaweza kutumika hivyo, sikatai. Ila mtu wa kwanza inayemlinda ni yule bibi, na wa kumlinda dhidi yake siku ile nilikuwa mimi.

Fikirini kisiasa kidogo. Kamanda anazunguka kata nzima na simu yake. Anaandika jina, namba, GPS na "utampigia nani kura?" Wiki mbili baadaye anakamatwa kwenye mkutano, simu inachukuliwa. Aliyeishika ana nini mkononi? Ramani ya nyumba za wapinzani, imechorwa na sisi wenyewe, bure.

Hapa kwetu Unyanyembe kuulizwa si jambo geni. Mwaka 1857 Burton na Speke walifika Kazeh na msafara wao. Burton akauliza njia, bei, maziwa, desturi, na mwaka 1860 kitabu kikatoka London. Wapagazi na wafanyabiashara waliomjibu hawakukiona. Sensa ya 2022 ilitumia vishikwambi, ikatuhesabu watu 61,741,120. Vifaa vimebadilika sana. Mwenye kujibu bado anabaki mlangoni akijiuliza majibu yake yameenda wapi.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa uongozi wa vijana wa mkoa na taifa ni hili. Tufanye utafiti wetu, kata kwa kata, kuhusu mambo ambayo watu wanaishi nayo: maji, pembejeo, malipo ya tumbaku, ardhi ya wajane. Tuchague kaya kwa bahati nasibu kutoka vitongoji vyote, tusiende kwa mabalozi wa kwetu tu. Tujitambulishe mlangoni kuwa sisi ni nani na tumetumwa na chama gani, na anayekataa tumuage kwa heshima. Tusiandike jina, tuzime GPS, tuweke nywila kwenye simu, tukishatuma tufute. Tutangaze idadi ya tuliowauliza na namna tulivyowauliza, hata kama matokeo yatatuuma. Yakionyesha hatupendwi, tuyatoe hivyohivyo.

La mwisho, turudi. Tubandike matokeo ofisi ya kijiji ikiruhusiwa, ikikataliwa tuyasome kwenye mkutano wetu wa hadhara, kwa Kiswahili, na Kinyamwezi pale wazee wanapokihitaji.

Mimi nimeanza. Kabla sijarudi chuo nilipita tena kwa yule bibi nikamweleza niliyoyapata: si yeye peke yake, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanaume ya kupata na kumiliki ardhi. Akauliza aanzie wapi. Tukaandika barua pamoja kwenda baraza la kata. Safari hii jina lake aliliandika mwenyewe.