Bibi arusi ana somo, mama wa miaka 55 hana

Siyu, katika kisiwa cha Pate, ni mji ambao wengi wetu tulioko Mombasa na Nairobi huujua kwa mambo mawili: ngome yake na Mwana Kupona. Bibi huyo aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, na mnamo mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa kumfunza jinsi ya kushika dini, kujitunza na kuishi na mume. Tangu zama hizo hata leo, msichana wa mwambao haingii nyumbani kwa mumewe bila ya kufunzwa. Ana somo wake, mwanamke mtu mzima anayemweleza waziwazi, mlango ukiwa umefungwa, yale ambayo mama yake mzazi hawezi kuyatamka.

Sasa nakuuliza, msomaji. Mwanamke huyo huyo akipita miaka 50, hedhi ikakoma, mwili ukabadilika tena kama ulivyobadilika alipovunja ungo, ni nani anayemfunza? Hakuna. Somo wake ameshafariki, au naye yuko kwake anaugulia kimya. Ndiyo sababu wiki hii nimeamua kulisema jambo hili bila ya kuzunguka. Ukavu wa uke baada ya hedhi kukoma ni hali inayotibika. Dawa yake ipo, ni kidogo sana kwa kipimo, na ni salama kwa walio wengi. Akina mama wetu wanaikosa kwa sababu ya haya zetu, na kwa sababu ya hofu moja iliyoenea mwaka 2002 ambayo haikuwahusu hata kidogo.

Kwanza tuelewane kuhusu mwili wenyewe. Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55, na huhesabiwa imekoma ikiwa miezi 12 mfululizo imepita bila ya damu. Ovari huwa zimeacha kutengeneza homoni iitwayo estrojeni kwa wingi uliokuwapo zamani. Homoni hiyo ndiyo inayoifanya ngozi ya ndani ya uke iwe nene, yenye unyevu na yenye kunyumbuka. Ikipungua, ngozi hiyo huwa nyembamba na rahisi kuchubuka, na wale bakteria wema wanaouweka uke katika hali ya uchachu ili wadudu wabaya wasizaliane hupungua au hutoweka. Njia ya mkojo na kibofu navyo huitegemea homoni hiyo hiyo. Kwa hivyo mama huanza kuwashwa na kuchomwa, huumia katika tendo la ndoa na pengine kutokwa na damu kidogo baadaye, na mkojo humbana mara kwa mara, wakati mwingine ukamtoka kabla hajafika chooni.

Lile joto la ghafla linalomfanya mama ajipepee usiku wa manane huja, likakaa miaka kadhaa, kisha kwa wengi likaondoka lenyewe. Ukavu haufanyi hivyo. Usipotibiwa hubaki, na aghalabu huzidi kadiri umri unavyosogea. Inakadiriwa kuwa kiasi cha nusu ya wanawake waliokoma hedhi hupatwa na dalili hizi. Jiulize ni wangapi umewahi kuwasikia wakilalamika.

Hawalalamiki, lakini huenda zahanati. Na hapo ndipo penye mkasa. Chukua mfano wa mama wa Siyu mwenye miaka 58. Anaketi mbele ya muuguzi kijana wa kiume, pengine mtoto wa jirani yake. Hawezi kumwambia kuwa uke wake umekauka. Atasema, "Mwanangu, mkojo waniwasha." Kijana naye, kwa nia njema kabisa, anaandika dawa za kuua vijidudu. Mama anapata nafuu siku chache, mwezi ujao yuko pale pale, anaandikiwa nyingine. Mwaka unakwisha akiwa amemeza antibayotiki mara tano au sita, na hakuna aliyemwuliza hedhi ilikoma lini.

Jambo hili si geni kwa wataalamu. Mwaka 1993 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa wanawake 93 waliokwisha koma hedhi ambao walikuwa wakirudiwa na maradhi ya njia ya mkojo. Wale waliopewa krimu ya homoni ya estrioli ya kutia ukeni waliugua kwa wastani mara 0.5 kwa mwaka. Wenzao waliopewa krimu isiyokuwa na dawa waliugua mara 5.9. Yaani mmoja aliugua mara moja katika miaka miwili na mwenzake karibu mara sita katika mwaka mmoja. Zaidi ya miaka 30 imepita tangu habari hiyo ichapishwe, na bado mama zetu wanapewa vidonge vya antibayotiki kwa bahasha.

Wale wasiokwenda zahanati hujitibu. Hapa mwambao tunazo desturi zetu, na nyingine ni nzuri: udi kwenye nguo na nywele haumdhuru mtu. Lakini kujifukiza kwenye tupu, kujiosha ndani kwa sabuni ya manukato, kwa ndimu au kwa siki, na zaidi ya yote kutia shabu ili "kubana", ni kuichoma ngozi ambayo tayari imekuwa nyembamba. Mwenye ukavu akitumia shabu anaukausha mkavu. Maji matupu kwa nje yatosha. Mafuta ya nazi safi huwafaa baadhi ya wanawake kwa kulainisha (ila yasitumiwe pamoja na kondomu za mpira, kwa kuwa mafuta huzipasua), na madukani kuna vilainishi vya maji visivyo na homoni. Mwenye dalili hafifu aanze na hivyo. Lakini vilainishi hupunguza msuguano tu. Ngozi iliyosinyaa havirudishi.

Kinachoirudisha ni estrojeni yenyewe, ikiwekwa pale pale inapohitajika. Iko kama krimu yenye kijiti cha kupimia, au kidonge kidogo cha kutia ukeni, na katika nchi nyingine kuna pete laini inayokaa ndani kwa miezi mitatu. Kwa kawaida krimu na vidonge hutumiwa kila usiku kwa wiki mbili, kisha mara mbili tu kwa wiki. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki chache na huweza kuchukua hadi miezi mitatu kukamilika, kwa hivyo asiikate tamaa siku ya kumi. Tena si kilainishi cha kupaka dakika tano kabla ya tendo la ndoa. Hutiwa wakati wa kulala, usiku ambao hakuna tendo. Akiacha kuitumia, ukavu hurudi.

Hapa ndipo wengi wanaposhtuka: "Homoni? Si ndizo zinazoleta saratani?" Hofu hiyo ina asili yake. Julai 2002, utafiti mkubwa wa Marekani uitwao Women's Health Initiative ulisimamisha sehemu yake moja kabla ya wakati, kwa kuwa wanawake waliokuwa wakimeza vidonge vya estrojeni pamoja na projestini walionekana kupatwa na saratani ya matiti, kiharusi na damu kuganda zaidi ya wenzao. Magazeti ya dunia nzima yalibeba habari hiyo, na haki yake. Kosa ni kuwa onyo lililotokana na vidonge vya kumeza lilibandikwa pia kwenye paketi ya krimu ya ukeni, na wanawake wakaisoma, wakaitupa.

Basi tupige hesabu. Kidonge cha ukeni kinachotumika sana kina estradioli mikrogramu 10. Ukihesabu wiki mbili za kila usiku na kisha mara mbili kwa wiki, mwaka mzima ni kama mikrogramu 1,140, yaani miligramu moja na kitu kidogo. Miligramu moja ni kipimo cha kawaida cha kidonge kimoja cha estradioli ambacho wanawake wengine humeza kila siku moja. Dawa ya mwaka ya mmoja ni kama dawa ya siku moja ya mwingine! Kiasi kinachoingia katika damu ni kidogo hivi kwamba kipimo cha homoni hubaki kile kile cha mwanamke aliyekoma hedhi. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya wanawake waliofuatiliwa kwa miaka chini ya mpango huo huo wa Women's Health Initiative, na waliotumia estrojeni ya ukeni hawakuonekana kupata saratani wala maradhi ya moyo zaidi ya wasioitumia. Na Novemba 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kuwa inaanza kuliondoa lile onyo kali.

Sisemi kila mtu akimbilie dukani. Mwanamke aliyepata kuugua saratani ya matiti, hasa anayemeza dawa za kuzuia estrojeni, asiiguse mpaka azungumze na daktari anayemtibu. Na yeyote aliyekwisha koma hedhi akaona damu, hata tone, akapimwe kwanza. Huenda ni ukavu tu uliochubuka, lakini damu hiyo pia ni dalili ya saratani ya mfuko wa uzazi au ya shingo ya kizazi, na hii ya shingo ya kizazi ndiyo inayoua wanawake wengi wa Kenya kuliko saratani nyingine. Kuhusu Mwana Kupona mwenyewe, inasimuliwa kwamba maradhi yaliyomwua yalikuwa ya kutokwa na damu ya kizazi. Zama zake hapakuwa na wa kumpima.

Waume nao nina neno nao. Mwaka 1998 ilipoidhinishwa Viagra, hapakuwa na baraza ya kahawa ambayo haikuizungumza, na hadi leo mzee wa miaka 65 huinunua bila ya kuinamisha uso. Mzee huyo huyo, mkewe akimkwepa usiku, husema mke amemchoka, na wengine hupata hapo kisingizio cha kutafuta mke mdogo. Bwana, huenda hakukuchoka. Huenda kila ukimkaribia anaumia kama aliyepakwa pilipili kwenye kidonda, na amevumilia kwa sababu alifunzwa na somo wake miaka 35 iliyopita kwamba mke hakatai. Mwulize, kisha umpeleke hospitali.

Wala isidhaniwe kuwa haya ni ya wenye waume tu. Wajane na walioachwa wa Siyu, Faza na Pate wanaobanwa na mkojo na kutawadha mara tatu kwa sala moja, nao ni wagonjwa wetu. Tena naona kwamba hilo ndilo lango jepesi la mazungumzo. Wewe binti uliye mjini, utakapokwenda nyumbani kwa Idi, usianze na habari za chumbani. Anza na mkojo. Mwulize mama kama humwasha, kama humtoka akikohoa, kama huamka usiku. Mengine atayasema mwenyewe. Wewe mtoto wa kiume, hili halikufai kulitamka mbele ya mama. Mtume dada yako au mkeo, nawe toa nauli. Na asiyetaka kusikia kwa kuogopa dini akumbushwe jinsi Bi Aisha alivyowasifu wanawake wa Ansari kwamba haya haikuwazuia kuuliza.

Nauli ni jambo la kweli. Anayetoka Siyu kwenda Amu hungoja maji yajae, na hawezi kurudi kila wiki kuuliza swali alilolisahau. Kwa hivyo mwandikie kwenye karatasi: hedhi ilikoma mwaka gani, dalili zake, dawa alizokwisha pewa, na maneno haya, "naomba nipimwe ukavu wa uke na niambiwe kama estrojeni ya kutia ukeni inanifaa." Akifika hospitali ya Faza au King Fahad huko Amu, karatasi itasema asichoweza kukisema yeye, na anayo haki ya kuomba apimwe na mwanamke. Dawa hii si kila duka linayo, hata mjini. Mwenye cheti cha daktari aulizie mapema kwa simu. Ukimnunulia wewe, nunua ya miezi kadhaa kwa pamoja, na umwulize mwenye duka kama inavumilia joto, kwa kuwa nyingine huyeyuka.

Kuhusu Ramadhani, kwa sisi wa madhehebu ya Shafi kutia kitu ukeni mchana hubatilisha saumu. Lakini dawa hii ni ya usiku. Aitie akilala baada ya tarawehe, avae kitambaa kwa kuwa krimu huvuja kidogo, na ajisafishe kabla ya alfajiri.

Miezi mitatu ikipita na hali haijabadilika, usimwambie kwa simu aongeze kipimo. Mrudishe kwa daktari atazamwe upya, kwa kuwa yako maradhi ya ngozi ya sehemu hizo yanayofanana na ukavu, na dawa yake ni nyingine kabisa.