Muhali haulindi mtoto

Leo sizunguki: muhali wetu unaumiza watoto.

Mtu akijitolea kusomesha chuoni au kufundisha watoto mpira, tunamshukuru, basi. Kumuuliza alikotoka tunaona haya. Mimi ni fundi cherehani. Hata msichana wa kushona vifungo simpi ufunguo wa duka mpaka nijue kwao. Kwani jora la kitambaa lina thamani kuliko mtoto?

Kujitolea ni ibada, lakini hakumtoi mtu kwenye masharti. Asikae peke yake na mtoto mlango umefungwa. Asimtume chumbani kwake. Akimwandikia kwenye simu, mzazi aone. Mwenye nia njema hatochukia, kwani masharti yanamlinda na yeye.

Na mtoto akisema kafanyiwa uchafu, msimnyamazishe kwa jina la sitara. Sitara si kuficha dhulma. Usimkogeshe, usimhoji mara kumi, usiitishe kikao cha ukoo cha kusuluhisha. Mpeleke kituo cha Mkono kwa Mkono, Mnazi Mmoja, au piga 116, ni bure.

Na sisi mama tujitolee: wawili wawili kwa zamu, tukae chuoni mpaka watoto watoke. Mtoto ni amana, na amana hailindwi kwa dua peke yake.