Presha Si Mawazo Tu

Uliza watu wa kwetu Mukuyuni presha hutoka wapi, utajibiwa: mawazo. Karo, madeni, mvua iliyokatika kabla ndengu hazijakomaa. Jibu hili lina huruma, lakini linaua, kwani anayeliamini husubiri shida ziishe huku chumvi ya chungu chake haiguswi. Mwaka 1990 jarida la BMJ lilichapisha utafiti kuhusu Wajaluo waliohamia Nairobi kutoka mashambani. Presha yao ilipanda kuliko ya wenzao waliobaki nyumbani, na mkojo wao ukaonyesha sodiamu ya chumvi imeizidi mno potasiamu, madini tunayopata kwenye kunde, mboga na matunda.

Mpinzani atasema Nairobi ina mawazo pia. Ni kweli, na msongo hupandisha presha. Basi tutazame China, ambako matokeo ya utafiti wa vijiji 600 na watu karibu 21,000 yalitangazwa mwaka 2021. Nusu ya vijiji vilipewa chumvi ambayo robo yake ni kloridi ya potasiamu. Hakuna aliyefutiwa madeni wala kuondolewa huzuni, kilichobadilishwa ni chumvi tu. Baada ya takriban miaka mitano, viharusi katika vijiji hivyo vilikuwa pungufu kwa asilimia 14 kuliko katika vile vingine. Sababu inaeleweka: sodiamu ikizidi, mwili huhifadhi maji na kuta za mishipa hukakamaa, nayo potasiamu husaidia figo kutoa sodiamu hiyo na mishipa kulegea. Presha ya muda mrefu hujeruhi ngozi ya ndani ya ateri, uvimbe ukaingia, na mafuta yakapata pa kuganda.

Wengine watajitetea kwamba sisi hula vya asili. Tukague hivyo vya asili. Mahindi ya muthokoi hukobolewa, na maganda huondoka na sehemu ya potasiamu na magnesiamu. Magadi yanayolainisha maharagwe yana sodiamu. Maji yaliyochemshia mboga humwagwa na madini yake, kisha unga wa mchuzi wa pakiti huongeza chumvi juu ya chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa yote. Mwenye ugonjwa wa figo amwone daktari kabla ya kuongeza potasiamu, na mwenye dawa asiziache. Sisi wengine tule isyo, mchanganyiko wa mahindi yasiyokobolewa, ndengu na mbaazi, na tupunguze chumvi leo, mawazo yawepo yasiwepo.